Nyoka Asiye na Akili

Kaka Silas,

Chai iko kwenye thamosi. Usimguse nyoka leo, wala usimtoe kuwaonyesha wenzako.

Ulipotoka kwenda kazini nilimwambia jirani, Mama Yassir, kwamba muuzaji alisema huyu ni "mafi akil". Kumbe kwa Kiarabu mafi ni hakuna, na akil ni chakula. Si kwamba hana akili, ni kwamba hataki kula. Nasi tulicheka dukani, nikamchagua yeye kwa kuwa nyoka mjinga hawezi kupanga kumuuma mpenzi wako Carol. Na leo asubuhi ukasema mimi na nyoka tumefanana, hatuna akili.

Mama Yassir alimpigia muuzaji. Muuzaji anasema chatu hawa wadogo ni waoga, lile boksi kubwa la kioo linamtisha. Nimemhamishia kwenye boksi dogo la plastiki lenye chungu kilichovunjika, ajifiche. Usizime mkeka wa joto ulio chini ya boksi. Funga kifuniko vizuri.

~~Asipokula wiki hii mrudishe dukani.~~ Usimrudishe. Nani atamnunua?

Gari la madam, mwajiri wangu, limefika, tunaenda Jeddah, sijui tutarudi lini. Akila, nipigie. Asipokula, usinipigie.

Mdogo wako,
Nyambura