Hamira ya Ngozi

Mama Mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natanguliza heshima zote unazostahili, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta goti lako limekupa nafasi ya kulala, na yule kuku wako mkorofi ameacha kutaga ndani ya kikapu cha nguo. Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo silitumii kwa adabu ya barua tu. Nalitumia kwa maana yake kamili.

Utakumbuka kwamba ni miezi mitano sasa tangu moto wa gesi uliporuka kutoka katika tanuri la mikate na kuiunguza mikono yote miwili ya binti yako, kuanzia vidole hadi viwiko. Nilikuarifu kwamba alitolewa ngozi pajani ikapandikizwa mkono wa kushoto, nayo ikashika. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua hadi ndani zaidi, na ngozi iliyopandikizwa hapo ilikufa. Daktari hakuficha: mambo yakibaki vile, vidole vingejikunja na visinyooke tena. Nawe ndiye uliyemfundisha kukanda unga akiwa na miaka tisa, basi sina haja ya kueleza maana ya habari ile nyumbani kwetu.

Daktari huyo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu mkuu, alituketisha akatueleza kwamba ipo tiba mpya inayojaribiwa kwa wagonjwa wachache. Wangetoa mafuta kidogo tumboni mwake, watenge humo seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wazinyunyize kidondani, kisha watandike juu yake ngozi nyembamba iliyotobolewa kama wavu. Alisema haahidi muujiza, kwani ni utafiti bado. Binti yako alidakia kabla sijafungua kinywa: kumbe ni hamira! Unga bila hamira hauumuki, na ngozi ile ya kwanza ilikosa hamira. Akaongeza kwamba tumbo ambalo mumewe amelicheka miaka kumi na miwili, leo limepata kazi ya maana. Muuguzi alicheka hadi akatafuta kiti.

Kazi ilifanyika. Mimi nilikaa koridoni nikihesabu vigae vya ukuta, nikakosea, nikaanza upya. Bandeji ilipofunguliwa siku ya sita, ngozi ilikuwa imeshika, nyororo, yenye wekundu wa mtoto mchanga, na daktari akawaita wenzake waje watazame. Yeye mwenyewe husema hawezi kuapa ni kiasi gani cha ushindi huo kimetokana na seli. Binti yako haapi, anajua tu. Kwa majuma mengi amefinya mpira kama alivyoagizwa, akitokwa machozi na kutania papo hapo. Jana alikanda mkate wake wa kwanza. Ulitoka umeinama upande kama kofia ya mlevi, nami niliula wote bila kumgawia mtu.

Sasa Mama, naomba uketi. Nilikuandikia kwamba matibabu yalichelewa majuma matatu kwa sababu ya makaratasi ya hospitali. Haikuwa kweli. Aliyeyachelewesha ni mimi. Niliposikia neno utafiti, nilimwona mke wangu akifanywa kitu cha kujifunzia. Mtu ambaye kwa miaka ishirini ameandikia watu maombi yao nje ya ofisi ya ardhi hajui kuogopa kimyakimya: nilichukua karatasi nikamwandikia daktari barua ya kukataa, kwa niaba ya mgonjwa, bila kumuuliza mgonjwa. Kalamu yangu haijawahi kutoa barua bora kuliko ile. Ilishawishi barabara. Daktari alimfuta kwenye orodha, naye binti yako kila asubuhi aliniuliza mbona hawamwiti, nami nikailaumu hospitali.

Ilifichuka siku muuguzi alipombadilishia bandeji na kumuuliza kwa nini alikataa. Binti yako alitaka asomewe barua ile. Aliisikiliza hadi mwisho, akasema imeandikwa vizuri sana, na kwamba angekuwa na mikono angeichana. Kisha akamwamuru muuguzi aandike: mikono ni yangu, naitaka. Sentensi moja, Mama, na ilizishinda kurasa zangu mbili. Sijawahi kujivunia kushindwa kama siku ile.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba nitakuandikia ukweli siku atakapoweza kushika kalamu, ili aweke sahihi kama shahidi. Siku hiyo ni leo.

Nisalimie Baba Mkwe, na jirani yako anayesoma barua zako kabla yako.

Ni mimi mkweo mwenye kuomba radhi,
Karani, kama upendavyo kuniita.

*Mama, nimeisoma, yote ni kweli. Mwandiko ni mbaya lakini mkono ni mzima. Msamehe, ila usiharakishe.*