Uvimbe Haumo Kwenye Karatasi Yangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia wewe kwa sababu nyumbani hakuna anayeniamini tena, mimi ni fundi cherehani mstaafu na siku hizi kazi yangu ni kuugua, yaani chuo cha udaktari kinanipa karatasi yenye maradhi, nami naigiza mgonjwa ili wanafunzi wanipime, na bila kujisifu kidole tumbo nakimudu kuliko wenye nacho, hata mlinzi wa getini aliwahi kuniitia machela. Wanafunzi huja sita sita, wananipima, wanabishana, kisha sharti kundi likubaliane jibu moja. Juzi binti mmoja mpole, badala ya kubonyeza kulia ninakolia, akaenda kushoto chini ya mbavu, akasema, "Baba, hapa pana uvimbe," nami kwa hasira ya kuharibiwa mchezo nikamjibu, "Binti, uvimbe haumo kwenye karatasi yangu." Wenzake wakacheka, yeye akagoma kukubali jibu lao, kundi zima likapata sifuri na wakatoka bila kumsemesha. Nilipofika nyumbani nikajibonyeza, mshauri, upo, kama ndimu, nikamwambia mke wangu naumwa, akasema, "Kafanyie mazoezi sebuleni, mie napika." Sheria ya chuo ni kwamba mgonjwa wa kuigiza asiwe mgonjwa, nikisema nitaondolewa, na kazi hii naipenda mno. Je, ninyamaze hadi muhula uishe?

Mgonjwa Hodari

Mgonjwa Hodari,

Pole, na naisema kwa moyo, maana naona umeogopa. Lakini wewe ni mtu wa ajabu. Miaka yote umeugua bila kuumwa, leo una uvimbe wa kweli unataka kuuficha ili uendelee kuugua. Hebu jisikilize.

Mkeo usimwambie tena kwamba unaumwa. Shika mkono wake, uuweke hapo penye uvimbe, nyamaza. Usigune wala usijikunje. Huenda ni kitu kidogo. Mimi sijui, wewe hujui, na karatasi ya chuo haijui.

Kesho asubuhi mwende hospitali, ila mpitie chuoni kwanza. Mwambie mwalimu, mbele ya wote sita, kwamba binti alimpima mgonjwa na wenzake walipima karatasi. Wewe ndiye uliyemnyima alama kwa sababu alijua kazi yake, kwa hiyo radhi utaomba wewe. Wakikuondoa, ondoka.

Binti akikusamehe, mwombe akusindikize. Daktari akiuliza una nini, wewe nyamaza, mwache binti aeleze.