Picha ya Kumzidi Zuhura

Jumatano, Al Warqa

Leo nimejiaibisha mwenyewe.

Mke mwenzangu Zuhura, kule Al Qusais, katundika ukutani picha ya marehemu mume wetu, kubwa kama sinia la biriani. Mie ndiye mke mkubwa, yangu iwe ndogo? Nikampelekea mjukuu wangu Raya, anayesafisha picha nyumbani, filamu ya zamani ya marehemu, pana kama kiganja.

Kwenye chumba chake cha giza akapandisha kichwa cha mashine ya kukuzia picha mpaka juu ya nguzo yake.

"Bibi, mwisho wake hapa. Itatoka sawa na ya Bi Zuhura."

"Sawa naye? Wewe umesoma nini? Taa ikiwa mbali kivuli hukua! Geuza kichwa kitazame nje ya meza, karatasi itandike sakafuni. Yalla!"

Akageuza. Marehemu akajaa sakafu nzima, kanzu nyeusi, ndevu nyeupe, maana filamu hugeuza rangi. Nikajisifu kwa sauti.

Halafu nikaona kifuani doa jeupe, lina ncha kama ya pasi.

Miaka yote Zuhura husema niliiunguza kwa pasi kanzu hiyo ya Idi. Nami nikimwita mzushi mbele za watu.

"Punguza ukubwa," nikasema. Doa bado linaonekana. "Punguza tena!"

Doa likapotea. Raya akapima: imepungua shubiri nzima kuliko ile ya Zuhura.

"Lakini Bibi, mashine inaweza zaidi."

"Mashine inaweza. Mie siwezi."