Glasi Isiyoonjwa

Bwera, 4 Machi 1968

Mukazamwana wangu Kyomuhendo,

Salamu nyingi katika Yesu na Maria. Kama uko muzima tunashukuru. Hapa tuko bazima, isipokuwa mwanangu Nzanzu, na habari yake unaijua kuliko mimi.

Usimutafute. Mimi ndiye nilimutoa kwako jana, wakati ulikuwa kanisani. Sababu nitakuambia, usije ukasema mama mukwe ni muchawi. Zile siku nililala kwenu Kasese, kila asubuhi nilikuona unamupa bwana yako glasi ya waragi, unamusimamia mupaka anamaliza. Na haukuonja! Kwetu, kuanzia Beni mupaka hapa, mutu akikupa pombe anaonja kwanza yeye, ujue haina kitu. Hata adui anaonja. Wewe bibi yake haukuonja hata mara moja.

Nimemuuliza mwenyewe. Anasema kichwa yake imebadilika, na anaona ni mukono yako. Kuanzia leo hatakunywa hata tone. Na wewe usikanyage hapa, kaka zake beko na hasira.

Mama mukwe wako,
Anastasie


Kasese, 5 Machi 1968

Mama mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, ila tangu Jumapili sijalala.

Mama, ile waragi ni amri ya daktari. Nzanzu alikuwa anakunywa tangu asubuhi mpaka jioni, na huko shimoni kwenye shaba walimrudisha nyumbani kwa kutetemeka. Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari alitueleza sote wawili. Pombe inaulaza ubongo. Ubongo ukilazwa kila siku haukubali, unasukuma upande wake, kama mtu anayesukuma mlango na mwenzake anauzuia kwa nje. Ukiondoa pombe ghafla, yule wa nje ameachia, na ubongo unaanguka mbele kwa nguvu zake zote. Mtu anaweza kufa hivyo. Ndiyo maana tulikuwa tunapunguza, kila wiki kidogo, na mimi namsimamia asiongeze.

Sikuonja kwa sababu mimi ni mlokole. Niliapa mbele ya kanisa zima kwamba pombe haitagusa mdomo wangu. Sikujua kama kwenu jambo hilo ni zito namna hiyo. Nimekulia kwenye laini za polisi, kule kila mtu ana chupa yake na hakuna anayemwonjea mwenzake.

Na kuna jingine. Rafiki yake Swaib anampa bangi. Daktari aliikataza kabisa, alisema kwa kichwa kama cha Nzanzu bangi inaleta maadui wasiokuwepo. Siku moja Nzanzu alinivizia nyuma ya mlango na panga, eti nimeficha watu darini. Sasa hayo anayokuambia juu yangu, muulize kwanza amevuta lini.

Nakuomba kwa jina la Mungu, usimkatize ghafla. Barua anayo Siraje, dereva wa lori la kahawa. Anashinda akienda na kurudi, mpe jibu.

Mkaza mwanao,
Kyomuhendo


Bwera, 6 Machi 1968

Kyomuhendo,

Nakusalimu. Barua yako imefika, nimeisoma na kaka zake Nzanzu bamesikia.

Ati dawa ya mulevi ni pombe! Mimi nimezaa watoto saba, nimezika waume wawili, sijasikia maneno ya namna hii. Leo mikono yake inatetemeka mupaka kikombe inaanguka. Kaka zake banasema ni sumu yako inatoka mu mwili. Na mimi naona hivyo.

Habari ya bangi, usinitishe. Marehemu baba yangu alivuta kiko yake kila akitoka shamba, na alikufa muzee na akili zake zote. Majani ni majani. Swaib ametuletea, Nzanzu akivuta anatulia kidogo. Na akitulia anataja jina yako. Anasema umetuma basoda na bunduki zao bamufuate mupaka hapa. Baba yako si polisi? Ao nadanganya?

Jumamosi ukoo inakaa. Usiniandikie tena.

Anastasie


Bwera, 7 Machi 1968

Mutoto wangu,

Samahani, sina nguvu ya kusalimu vizuri.

Nzanzu hajalala. Anatoa siafu mu blanketi, anazikamata moja moja, na mimi sizioni. Mwili ni moto, jasho kama mvua. Tukitaka kumutoa nje anapiga mayowe. Asubuhi nimemupelekea uji. Nimeonja mbele yake, nimekunywa hata nusu ya kikombe. Akaitupa chini! Akasema, "Mama, umekunywa upande haina sumu. Wewe na Kyomuhendo muko pamoja." Mimi! Mimi niliyemunyonyesha! Nimelia mupaka Siraje amenikuta nimekaa chini mu majivu.

Sasa najiuliza. Kama kuonja haijanisaidia mimi, ingekusaidia nini wewe? Mudomo yenye ilikutaja wewe ni ile ile imenitaja mimi. Kuja, mutoto. Lete ile chupa, lete na daktari. Kaka zake nitabazuia mimi mwenyewe.

Mama yako,
Anastasie


Kasese, 7 Machi 1968

Mama,

Salamu. Nimeipokea barua yako, na nasema wazi: sikuamini.

Jana umenikataza kuandika. Leo unaniita nije na chupa mkononi, na ukoo unakaa keshokutwa. Mwanamke Mtooro kama mimi, wakati watu wenu na wetu wanapigana huko milimani, akikutwa Bwera ameshika hiyo chupa, nani atauliza kilichomo? Nilishaanza kukuandikia kwamba siji, ng'o.

Ila hizo siafu. Daktari alinitajia, kwamba mlevi akikatizwa ghafla huona wadudu wanamtambaa. Mimi sikukuandikia neno hilo. Usingeweza kulitunga.

Nakuja na baba yangu, na gari la misheni wakikubali. Siraje anatangulia na karatasi hii. Mpe waragi kidogo sasa hivi, usingoje. Akianguka kwa kifafa mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni. Bangi tupa chooni, na Swaib asisogee hapo.

Kama ni mtego, Mama, Mungu anakuona.

Kyomuhendo


Kasese, hospitalini, 30 Machi 1968

Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, na pole kwa kungoja. Nzanzu yuko hai. Kile kifafa cha garini, siku ile tulipomchukua kwako, hakijarudi tena, sindano zimemsaidia. Anakula, anauliza habari za kazi. Daktari anasema ubongo unajirudisha polepole, pengine mwaka mzima, na hamu ya pombe itamwamkia hata kwa harufu ya kasikisi, pombe ya ndizi, ya jirani. Tutakuwa tunamchunga.

Sasa neno gumu. Umemtuma Siraje aulize utakuja lini kumwona. Usije bado. Wengine wote ameacha kutushuku, umebaki wewe peke yako. Akisikia jina lako anaingia chini ya kitanda. Daktari anasema huenda itapita, lakini hajui lini.

Na nisikufiche. Siku ya kwanza alipolikataa jina lako badala ya langu, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, Mama. Halafu nikaona haya mbele ya Mungu.

Mkaza mwanao,
Kyomuhendo


Bwera, 8 Aprili 1968

Mutoto wangu Kyomuhendo,

Salamu, na kwa baba yako pia. Mugongo yangu iko vile vile.

Barua yako imenichoma. Kaka zake bamesema, unaona sasa, amemufunga bwana yake, anaandika anachotaka, twende tumutoe. Bamekodi gari. Na mimi nilivaa kitenge ya kanisa, nikapanda. Sababu nitajuaje kama ni Nzanzu hataki nije, na si wewe? Barua ni mukono yako. Yeye sijamusikia.

Tulikuwa tumeshawasha gari. Nikabaambia bazime, nikashuka. Nimesema bibi yake amesema bado, basi ni bado. Bamekasirika, mupaka leo habanisalimii. Nakuamini, mutoto. Ni vigumu, lakini nakuamini.

Siraje analeta ndizi na maharagi, na kuku nimeshamukaanga. Usimuambie Nzanzu vimetoka kwangu. Mwache ale tu.

Mama yako,
Anastasie