Maji ya Betri

Jumatatu, 3 Novemba
Nimefua kwa sabuni ya unga kama kawaida. Mikono imepasuka tena, kidole gumba kinatoa damu. Jumapili binti yangu Paskalina analetwa hapa Endasak na kichanga chake, kutoka Katesh alikojifungulia. Mjukuu wangu wa kwanza. Kwetu bibi ndiye humwogesha mtoto akifika nyumbani. Mama yangu alimwogesha Paskalina. Kwa mikono hii nitamkwaruza. Naogopa.

Jumanne, 4 Novemba
Nesi wa zahanati amesema niache sabuni ya unga, nijitengenezee ya maji, laini. Kipande cha sabuni ya mtoto, maji, gliserini kidogo. Nimekwangua, nimechemsha. Mume wangu amekuja na kikombe akidhani ni uji.

Jumatano, 5 Novemba
Sabuni imekatika. Juu madonge meupe kama maziwa yaliyoganda, chini maji machafu. Nimekwenda duka la dawa nikamwambia kijana aliyeniuzia gliserini kwamba ni feki. Mbele ya wateja. Nimerudi na hasira zangu, nimekwangua kipande cha pili.

Alhamisi, 6 Novemba
Imekatika tena.
Wakati wa kuosha birika nikaona ule ukoko mweupe. Maji ya kisima chetu yana chumvi, ndiyo yanayokata sabuni! Miaka thelathini nayanywea chai, nimeyazoea hadi nimesahau. Kijana wa watu hana kosa, nimeona aibu. Nimekwenda kumwomba radhi.
Yanatakiwa maji ya mvua. Mawingu yako juu ya mlima Hanang, na yamekaa huko huko.

Ijumaa, 7 Novemba
Maji ya mvua yamo humu ndani. Dumu la mume wangu, chini ya kitanda, maji ya kuongeza kwenye betri ya sola. Hakuna anayeligusa. Mwaka jana mgeni alinawa nayo, tukasikia habari hiyo mwezi mzima.
Nimezunguka zunguka tangu asubuhi. Jioni nikamwomba. Akatazama mikono yangu.
“Chukua,” akasema. “Lakini yakibaki, rudisha.”

Jumamosi, 8 Novemba
Imekubali! Nzito, laini, haina donge hata moja. Nimenawa mara tano bila sababu. Haichomi. Kisha mafuta ya alizeti. Mpasuko wa kidole gumba umeanza kufunga. Nina furaha ya kitoto.

Jumapili, 9 Novemba
Wamefika saa nne. Mtoto ana paji la uso la babu yake.
Nimemwogesha kwa sabuni yangu. Vidole bado vina mipasuko, nikatumia viganja tu, taratibu. Hakulia.
Mume wangu alisimama mlangoni, akauliza kama maji yake yamebaki. Nikasema yapo, kama lita moja.
“Msuuzie mtoto,” akasema.
Akaleta dumu mwenyewe.