Verrou ya Kambo

Mardi, 5 novembre 2024

Mvua ilianza! Mvua ikinyesha nauzisha parapluie, jua ikitoka nauzisha miwani. Mi siwezi kukosa — labda siku ile mbingu itafunga bureau.

Lakini asubui, mbele ya kutoka, nilisikia kishindo mu douche. Kambo Victorine alianguka! Nilikimbia. Mulango ilikuwa ya kufungwa na verrou, komeo ya chuma, kwa ndani. Niliita. Anasema: usiingie! Niliita tena. Usiingie, nilishasema! Nilisimama mu mvua na maparapluie makumi mbili mu mikono, hata moya sikufungua. Alikawia. Alikawia sana. Kiisha verrou: krrr. Anatoka, kitenge ya kufungwa muzuri, kitambaa ku kichwa, kiwiko inavimba.

— We bwana yangu, ulikuwa unachungulia? Tuoane kwanza ku kanisa!

Mi ni bwana yake, ye bibi yangu, tangu nilizaliwa, njo vile mujukulu na kambo. Anasema alinichagua mu maternité juu nilikuwa mubaya kupita batoto bote, hakuna mwanamuke wa kuniiba.

Nilicheka. Kiisha njo nilifungua parapluie moya, nilimupeleka ku nyumba.

Mercredi, 6 novembre

Tantine Brigitte alikuya na motokari yake. Binti ya Kambo, anakaa Karavia, nyumba ya vyumba mingi. Nani alimwambia? Hakuna. Aliona kiwiko tu. Anasema: mama, utakuya kwangu, kuko chumba, kuko mutoto mwanamuke wa kukuogesha. Kambo alimuangalia sawa vile anaangaliaka samaki ya kuoza.

— Brigitte, miye njo nilikuogesha weye. Hapana weye miye.

Tantine alinivuta mpaka ku portail, mulango ya barabara. Anasema: Précieux, weye njo unakaa naye mu parcelle moya. Nitarudia samedi ya tarehe kumi na sita. Nikikuta alianguka tena, namubeba na vitu yake yote. Nilimwambia: tantine, Kambo haiko valise. Hakucheka. Anachekaka mara moya ku mwaka, na ya mwaka huu ilishapita.

Kambo akienda kule, atakufa. Hapana ya ugonjwa. Ya haya.

Vendredi, 8 novembre

Nilipata akili! Kambo alienda kusali na bamama ya kanisa. Niliazima scie ya chuma kwa Doudou, jirani. Nilikata verrou ku ncha. Sasa inatembea, inafanya krrr yake, lakini haishike kitu. Ukisukuma tu, mulango inafunguka. Akianguka, naingia. Hatajua. Ingénieur Précieux! Ile chuma ni nguvu, jasho ilinitoka mpaka mu soksi.

Samedi, 9 novembre

Alioga. Krrr. Nilikaa pembeni sawa vile polisi. Hakusema kitu. Nilikunywa bière moya ya furaha.

Lundi, 11 novembre

Jana hakuoga. Leo hakuoga. Baridi, anasema. Baridi gani? Mi natoka jasho hapa.

Mangaribi aliniwekea bukari, alifunika sahani. Nasema: asante, bibi yangu.

— Kula, Précieux.

Précieux! Miaka makumi tatu na moya hajaniitaka ile jina.

Kiisha alifungua mukono. Ncha ya verrou. Aliiokota mu muchanga wakati ya kufagia.

— Hii alitengeneza bwana yangu. Ule wa kweli.

Anasema mu camp ya bantu ya mine, zamani, douche ilikuwa ya bote, banaume balikuwa banachungulia ku matundu. Kambo mwanaume alitengeneza verrou ku kazi, aliificha mu kiatu, alimuletea. Alimwambia: Victorine, ukifunga hii, hata miye siingie. Na hakuingia. Miaka makumi ine na mbili ya ndoa. Balihama mara tatu, verrou ilibafuata.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele!

Bukari ililala na ule mufuniko.

Mercredi, 13 novembre

Siku ine. Kambo, mwenye kuogaka mara mbili ku siku! Anakaa mbali na bantu. Bamama ya kanisa balikuya, alibasemesha ku dirisha, alibadanganya eko na malaria. Nilimufanyia mizaha yote najua, hata ile ya padri na mbuzi. Ukuta ingecheka. Yeye: ndiyo, Précieux.

Leo niliuzisha parapluie yenye tundu. Sikusema hata mizaha, ati ni ya kuangalia nyota.

Jeudi, 14 novembre

Nilitosha mulango yote ya douche, niliibeba ku kichwa mpaka kwa Kalaba wa soudure. Mu njia banauliza: unahama na mulango tu? Najibu: nyumba iko nyuma, inachoka. Kalaba aliunganisha ile ncha. Ilipinda kaloko. Lakini inashika.

Kambo alipitisha kidole. Alifunga, alifungua. Mara tatu.

— Ilipinda.

Nasema: hata miye bwana yako nilipinda. Midomo yake ilitaka kucheka. Kiisha ilikatala.

Nilipiga magoti mu matope, na suruali ya kazi. Nilisema unisamehe. Kiisha alitoa sheria yake: Samedi nitaoga, Brigitte asinikute hivi. Nitagonga kopo ku basin. Ukisikia kopo, niko muzima. Ukikosa, ita. Nikisema usiingie, usiingie.

— Na ukikosa kujibu?

— Vunja. Lakini ita kwanza.

Samedi, 16 novembre

Niko juu ya ndoo, inje ya douche. Cahier ku magoti, naandika, ili nisiangalie mulango.

Krrr. Alifunga.

Ko. Ko. Anaoga! Anaimba hata, wimbo ya misa.

Ko.

Tantine alipiga simu: eko mu njia.

Ko.

Wimbo ilikatika. Kopo — hakuna. Maji na sabuni inatoka chini ya mulango, inafika ku miguu yangu. Naita: bibi yangu!

— Niko.

Sauti iko chini. Chini sana, ya muntu mwenye kukaa ku simenti. Niingie?

— Usiingie.

Sikusikia kishindo. Hakuanguka! Alikaa tu. Mi nitaapa mbele ya tantine, alikaa tu.

Klaxon ya tantine ku portail.

Nasikia kitenge inavutwa. Mukono inapapasa tôle ya mulango, inatafuta. Inatelemuka. Inapanda tena. Verrou — polepole, ile kupinda inakatala — krrr.

Ilifunguka. Mulango, hakuna mwenye kuisukuma.

Klaxon tena. Acha ipige.

Na ndani, sauti kaloko, kaloko:

— Bwana yangu. Kuya. Funga macho kwanza.