Kuhusu Mmea wa Mama Ukutani

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Hujambo huko uliko? Ule mgongo umeachia? Na baridi je, umeshaizoea au bado unalala na soksi? Sisi tunaendelea. Baba mzima, ni goti tu linamletea ubishi. Kaka yako yupo na kazi yake ya kuchomelea vyuma, anarudi jioni macho mekundu, na ukimwambia apumzike anakuona adui. Mwanao Kidonge ameota meno mawili ya juu, sasa anang'ata kila kitu, hadi kidevu cha babu yake.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Nikiwa kwenye simu baba huwa kakaa ubavuni pangu, sikio kalitega, na swali lako la kwanza ni lilelile, "Mmea wa mama vipi?" Nami najibu unastawi. Wifi, si kweli.

Wakati unaondoka, mmea ulikuwa umefika dirishani tu. Basi ulipanda ukuta mzima, ukaingia chini ya bati, ukaliinua. Dirisha la chumba tunacholala na mtoto halifunguki, majani yamelishikilia kwa nje. Ukuta haukauki, mvua iwepo isiwepo. Kwa ndani umeota madoa meusi, nayafuta leo, kesho yamerudi. Tulijaribu kuhamia sebuleni, nako ukuta ni huohuo.

Kidonge anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Hospitali nimekwenda hadi nesi akiniona tu anasema, "Mwenyeji wetu kafika." Mwisho daktari akaniuliza mtoto analala wapi. Nilipomweleza akasema dawa zake ni kazi bure kama ukuta ndio huo.

Baba tulimwambia. Hakugomba. Alisema tu, "Marehemu mama yenu aliupanda kwa mkono wake. Ngojeni nife kwanza, ndipo mtaukata." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi.

Tukamwita fundi wa kuta. Akacheka. "Mkiuvuta mbichi utashuka na plasta yote, mtabaki mnapungiana mikono na majirani kutoka kitandani. Kateni shina huku chini, uacheni ukauke, utabanduka wenyewe." Kaka yako akangoja siku baba kaenda kliniki ya goti, akalikata shina kwa msumeno nyuma ya pipa la maji, pasipoonekana. Pipa nililirudisha mimi.

Tulikubaliana baba ataambiwa jioni. Jioni ilipofika kaka yako akamtazama anavyomrusharusha mtoto, akaninong'oneza, "Mwambie wewe, wewe anakupenda." Nikamwambia, "Wewe ndiye mwanawe." Mpaka leo tunarushiana hivyohivyo kama mpira.

Sasa majani yananyauka na baba anadhani ni jua. Kila asubuhi anajaza ndoo, anaikokota na lile goti, anamimina pale chini na kuuongelesha: "Kunywa, mama watoto, kunywa." Kisha ananigeukia, "Mwanangu, huoni leo una nafuu?" Nasema naona.

Na kibaya zaidi, maji yenyewe yanaingia ukutani humohumo. Fundi kapita juzi, akasema shina likinyweshwa namna hiyo litachipua, na ukuta hautakauka hata mwakani. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu vizuri, mmea ukauke, tupake plasta mpya na chokaa, dirisha lifunguke, mwanangu alale kimya hadi asubuhi. Bado naamini itakuwa. Lakini kikohozi kiko palepale, na mimi mdomo wangu haufunguki.

Nakuomba, wewe binti yake, mpigie umwambie. Kwako atalia, yataisha. Kwangu naogopa atanyamaza, na unamjua, akinyamaza hali chakula. Mwambie hatukumchukia mama. Mwambie ni kifua cha mjukuu wake. Nawe kama nimekuumiza, nigombeze mimi, kaka yako mwache.

Ila usichelewe, wifi. Wiki hii baba aliteleza na ndoo yake. Hakuumia, alikaa kwenye matope akicheka, eti uzee umempiga ngwala. Ndoo nikamnyang'anya. Tangu hapo naibeba mimi. Mtoto nambeba mgongoni, anakohoa, baba amesimama kando na fimbo yake ananielekeza nimimine polepole, maji yafike kwenye mizizi. Na mimi namimina.

Nisalimie shemeji na wanao wote wawili, yule mkubwa mwambie picha yake tumeitundika sebuleni. Mama yangu anakusalimu sana, na jirani mshonaji anauliza lile gauni lilikutosha. Baba naye anakusalimu. Amechungulia hapa, kaona naandika, akasema nikwambie yeye hajambo na mmea unaendelea vizuri.

Mungu akutunze huko ugenini, akupe na maneno ya kumwambia, maana mimi nimeyatafuta sijayapata.

Wifi yako akupendaye na anayeingojea simu yako,

Mama Kidonge